Kupima Kabla ya Kununua

Natoa maoni yangu katika gazeti letu la muhula huu juu ya jambo ambalo pengine wengine wataliona dogo, tena la mikono michafu. Nataka kusema habari za silinda ya injini ya pikipiki: jinsi inavyotolewa, inavyokaguliwa na inavyorudishwa mahali pake. Maoni yangu ni haya: mtu asinunue kifaa kabla ya kupima, na sisi tunaofundishwa kupima shuleni tunalo deni kwa wale wanaofanya kazi ya injini bila ya kipimo. Deni hilo nalijua vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nililikwepa, na aliyelipa gharama yake ni bibi yangu.

Kwetu ni Mtanda, katika mji wa Lindi. Kaka yangu mkubwa huchukua abiria kwa pikipiki. Pikipiki hiyo si ya anasa. Ndiyo inayolisha watu sita nyumbani, na ndiyo inayoninunulia mimi sabuni na madaftari ya bweni. Ikilala siku moja, jioni yake sufuria huinjikwa kwa mashaka.

Katika likizo ya Desemba pikipiki ile ilianza kutoa moshi wa rangi ya buluu na kuishiwa nguvu kwenye vilima. Oili ikawa yapungua kila baada ya siku chache. Kaka akaniuliza, "Wewe msomi wasemaje?" Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimepata alama nzuri katika fizikia, nikajibu pale pale bila ya kuinama hata kuitazama: "Ringi zimekwisha. Badilisha ringi." Bibi akafungua kitambaa chake akatoa fedha zake za ufuta. Tukampata fundi mmoja mwenye haraka, akaweka ringi mpya kwa nusu siku, akalipwa, akaenda zake. Wiki tatu moshi ulipungua. Kisha ukarudi, mzito kuliko mwanzo. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha rudi shuleni, nikaja kuambiwa na mjomba siku ya wazazi kututembelea. Aliniambia kwa upole, nami nikaona haya zaidi kuliko kama angalinifokea.

Likizo ya Juni ilipofika nilikwenda mimi mwenyewe kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, afanyaye kazi chini ya mkungu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye ringi?"

Nikasema ndiye mimi. Akaniuliza, "Ulipima nini kabla ya kununua?"

"Sikupima kitu, babu."

"Basi ulinunua dawa bila ya kumwona mgonjwa."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Na kabla sijaendelea, yafaa nieleze kidogo injini yenyewe ili asiyeijua asiachwe nyuma.

Pikipiki nyingi za mizigo na abiria katika sehemu zetu zina injini ndogo ya cc 125 yenye silinda moja. Injini nyingi za namna hiyo zilifuata mfano wa Honda CG125, iliyotengenezwa Japani katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako barabara ni mbaya na mwenye chombo pengine huchelewa kubadilisha oili. Tundu la silinda yake lina upana wa milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5 kutoka chini hadi juu. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili aweza kupiga hesabu: nusu kipenyo kwa nusu kipenyo, mara 3.14, mara urefu wa safari, naye atapata sentimita za ujazo 124. Ndiyo hiyo cc 125 tunayoiona imeandikwa ubavuni. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni hupanda mara 5,000 na kushuka mara 5,000, yaani mwendo wa karibu mita 8 kwa kila sekunde. Ringi zake ndizo zinazougusa ukuta wa silinda wakati wote huo, na kati yake hakuna kitu ila utando mwembamba wa oili.

Sasa tuje kwenye kazi. Mzee hakukimbilia spana. Kwanza alitaka kujua kama kuna haja ya kufungua. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, lakini oili yaweza kupita njia mbili: kando ya ringi, au kupitia kwenye valvu. Akatoa plagi, akaziba tundu lake kwa kidole huku kaka akipiga kiki, akasikia pumzi ni dhaifu. Akamimina kijiko kimoja cha oili ndani ya tundu lile, akarudia. Safari hii pumzi ikasukuma kidole kwa nguvu. Maana yake ni kwamba oili ile ilikwenda kuziba nafasi iliyo kati ya ringi na ukuta; kama kosa lingekuwa la valvu, oili isingeleta tofauti kubwa. Kijiko kimoja cha oili kilitufahamisha jambo ambalo fedha ya bibi haikutufahamisha.

Ndipo tukafungua. Injini iliachwa ipoe kabisa, kisha ikaoshwa nje, kwa kuwa mchanga ulioko nje ukiingia ndani huwa adui. Tukatoa tangi, kabureta na ekzosi. Tukafungua kifuniko cha juu, tukaizungusha injini mpaka pistoni ikawa juu kabisa na valvu zote mbili zimefungwa. Tukalegeza nati za hedi kidogo kidogo na kwa kukingamana, si moja kwa moja hadi mwisho, kwani hedi ikilegezwa upande mmoja hupinda. Fito mbili za kusukumia valvu tukazitia alama, hii ya kuingizia na hii ya kutolea, ili kila moja irudi ilikotoka.

Kila kitu kilichotoka mzee alikilaza juu ya gunia safi kwa mpango. Hapo nilikumbuka habari ya mkoa wetu ambayo yafaa kila mtoto wa Lindi aijue. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya mijusi wakubwa wa kale katika kilima cha Tendaguru. Kazi ya kuchimba na kubeba ilifanywa na mamia ya watu wa nchi hii, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilitiwa alama, ikafungwa vizuri, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na kutoka hapo kwa meli mpaka Ulaya. Leo mmoja wa mijusi hao amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin. Sisemi hapa juu ya haki ya mifupa hiyo kuwa huko. Hilo ni jambo la makala nyingine. Nasema tu kwamba babu zetu walijua kazi ya kutoa kitu kilichoungana vipande vingi na kukihifadhi kwa utaratibu ili kiweze kuunganishwa tena. Basi anayesema kwamba utaratibu si desturi yetu, hajui habari zetu.

Silinda, ambayo mafundi wengi huiita bloku, ilikuwa imeshika. Nikashika bisibisi nitie kati ya mapezi yake niinyanyue. Mzee akanizuia. Mapezi yale ni membamba, huvunjika upesi, na uso wa chini ukikwaruzwa oili hutoka daima. Akagonga pole pole kwa kipande cha mti, huku na huku, mpaka ikalegea na kupanda. Kisha nikataka kutoa klipu ya pini ya pistoni. Akanizuia tena, akasokota kitambaa safi akakijaza kwenye mdomo wa injini kulizunguka konrodi. Nilipoivuta, klipu iliruka ikaangukia juu ya kitambaa kile. Kisingalikuwapo, ingalizama ndani ya injini, nasi tungalifungua injini nzima kwa ajili ya waya mdogo kama ukucha.

Sasa silinda ilikuwa mkononi. Kwa macho ilionekana nzuri, inang'aa. Na hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu, kwa kuwa jicho ni shahidi mzuri lakini si hakimu. Silinda hailiki sawasawa. Hulika zaidi karibu na juu, mahali ambapo ringi ya kwanza hufika, kwa kuwa pana joto kali na oili kidogo. Chini kabisa, ambako ringi hazifiki, hubaki kama ilivyotoka kiwandani.

Mzee alichukua ringi moja kati ya zile zilizonunuliwa Desemba, akaitia peke yake chini ya silinda, akaisawazisha kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni. Akapima mwanya wa ncha zake kwa fila, yaani vile vibamba vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Mwanya ulikuwa milimita 0.30. Hiyo ni ringi nzima, haina kosa. Akaipandisha juu, mahali palipolika, akapima tena. Mwanya ukawa milimita 0.95. Akatikisa kichwa, akasema, "Silinda imekwisha. Ringi wameionea bure."

Nikamwuliza amejuaje kiasi cha kulika. Akasema, "Nimezoea. Ikiachia hivi, imekwisha." Hapo ndipo nilipotoa kalamu. Ringi ni duara. Mzunguko wa duara ni kipenyo mara 3.14. Silinda ikipanuka, ringi haipanuki pamoja nayo. Kwa hiyo ongezeko lote la mzunguko huonekana kwenye mwanya. Tofauti yetu ilikuwa 0.65. Tukigawa kwa 3.14 twapata 0.2 na kidogo. Silinda ilikuwa imepanuka kwa zaidi ya sehemu mbili za kumi za milimita, na kwa injini ya namna hii kiasi kinachovumiliwa ni kama sehemu moja ya kumi tu. Mzee akaitazama karatasi yangu muda mrefu, akanitaka nirudie pole pole. Nikarudia. Akasema, "Miaka yote nimelijua jibu, leo nimeijua sababu." Nami nikasema moyoni: miaka minne nimeijua sababu, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeliona jibu.

Lakini mzee hakuridhika. Akauliza, "Na iliyoila ni nini?" Maana silinda haikuwa ya umri wa kulika kiasi kile. Akafungua kisanduku cha chujio la hewa. Kilikuwa kitupu. Kaka akainama, akasema kwamba alilitoa mwenyewe, kwa kuwa aliambiwa na wenzake kijiweni kwamba bila chujio pikipiki huvuta vizuri zaidi. Miezi mingi pikipiki ilikuwa ikivuta vumbi la njia za mikorosho moja kwa moja mpaka ndani ya silinda. Vumbi lile likichanganyika na oili huwa kama msasa. Kwa hiyo hata tungalinunua silinda kumi, zote zingalikwenda njia moja.

Basi tuhesabu makosa. Kaka alibahatisha kwa kutoa chujio. Mimi nilibahatisha kwa kutaja ringi. Yule fundi wa haraka alibahatisha kwa kuziweka bila ya kupima, wakati silinda ilikuwa mikononi mwake naye angaliweza kutuambia ukweli kwa dakika tano. Watu watatu walibahatisha, na aliyelipa ni bibi asiyejua injini hata kidogo. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba ufa, lakini si ule uliokuwa ukivuja.

Njia zilikuwa mbili. Moja ni kuikereza silinda na kutia pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo huuzwa zikiwa zimezidi kwa milimita 0.25, 0.50 na kuendelea, na mkerezaji lazima apewe pistoni mkononi kwanza ndipo akereze kwa kipimo chake. Njia ya pili ni kununua silinda, pistoni na ringi mpya kwa pamoja. Tulipouliza bei tukaona kwamba, kwa injini hii ndogo, njia ya pili haikuzidi sana ya kwanza, tena ni ya upesi. Tukanunua. Lakini hata kipya kilipimwa: ringi ikatiwa juu, katikati na chini, mwanya ukawa 0.25 kila mahali. Ndipo mzee akasema kiingie.

Kurudisha kulitaka subira kuliko kutoa. Nyuso zilisafishwa pasipo kukwaruzwa. Gasketi zikawa mpya na klipu mpya, kwani klipu iliyotolewa haiaminiki tena. Alama ya IN iliyo juu ya pistoni ilielekezwa upande wa kabureta. Mianya ya ringi ilitawanywa, isifuatane mstari mmoja na kufungua njia ya pumzi. Tukapaka oili, kaka akaishika silinda, mimi nikazibana ringi kwa vidole moja baada ya moja mpaka zote zikaingia bila ya kulazimishwa. Kitambaa kile kikatolewa kabla silinda haijakaa. Nati zikakazwa kwa kukingamana na kwa hatua, valvu zikapewa nafasi ya milimita 0.08 injini ikiwa baridi, na chujio jipya likawekwa. Mwisho kaka akaagizwa asiende mbio kilomita 500 za kwanza, kisha abadilishe oili. Hadi ninapoandika haya, pikipiki haitoi moshi. Fedha ya bibi ya Desemba haikurudi.

Sasa najua kwamba wako watakaosema, "Mwanafunzi wa kidato cha nne ana mtihani, mambo ya spana ni ya waliofeli." Maneno hayo nimeyasikia hata kwa baadhi ya wazazi, nami kwa heshima nayakataa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge kijana na kazi za watu wake. Sera ya elimu, toleo la mwaka 2023, imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari. Lakini sera haifungui injini. Katika maabara zetu tulifundishwa tangu kidato cha kwanza kutumia mikrometa na kalipa ya venia. Tulipima gololi na nyaya. Tukaandika majibu, tukapewa alama, vyombo vikarudishwa kabatini. Hatukupima pistoni hata siku moja, ingawa nje ya ukuta wa shule ziko injini zinazotengenezwa kwa kubahatisha kila siku.

Wengine watasema mafundi wa mtaani hawahitaji hesabu, kwa kuwa wanajua kazi. Ni kweli wanajua, na mimi nimejifunza kwao zaidi ya nilichowafundisha. Bila ya mzee yule ningalivunja mapezi na kupoteza klipu kwa siku moja. Lakini ujuzi wa mazoea hauwezi kuandikwa ukapewa mwingine kwa urahisi. Hufa na mwenyewe. Kipimo huandikwa katika daftari, na fundi kijana akakisoma kesho.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, shule yetu itafute injini moja kuukuu, hata iliyokufa kabisa, na fila moja, iwekwe maabara ili kila mwanafunzi wa fizikia aitoe silinda, aipime na kuirudisha angalau mara moja kabla ya kumaliza. Pili, mara moja kwa muhula aalikwe fundi wa mjini siku ya Jumamosi, akae na mwalimu wa fizikia mbele yetu, kila mmoja amwulize mwenzake. Tatu, na hili ni letu wanafunzi, tukienda likizo tusijibu upesi kwa sababu tumeitwa wasomi. Tukiulizwa jambo nyumbani, jibu la kwanza liwe, "Ngoja nipime."

Bibi yangu sasa anataka kuniamini tena. Juzi aliniletea saa yake ya ukutani iliyosimama, akasema, "Usiniambie kitu mpaka uifungue." Nadhani hilo ndilo somo bora nililopata mwaka huu.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV